Chemchemi ya Anjirak Ndani ya Kioo

Esfandi 4

Tangi limejaa maji na halivuji. Nimelizunguka kwa tochi na kitambaa kikavu, kona zote, hakuna hata tone. Ardeshir, rafiki yangu wa chama cha wafuga samaki, kaniambia niandike kila siku joto la maji na chochote kilichobadilika, nisije nikababaisha mbele ya jaji kama mwaka jana. Basi naandika, kuanzia mwezi huu wa Esfandi, wa mwisho wa mwaka wetu. Joto la maji ni nyuzi kumi na nane.

Ya mwaka jana wacha niyaandike mara moja yaishe. Mashindano yetu ya masika yana sharti moja tu: tangi lako liwe mahali pa kweli. Si bahari ya kubuni, wala bustani ya kupendeza macho. Liwe kijito fulani chini ya mti fulani, na mawe yake, majani yake, samaki wake, na jina la mahali libandikwe kwenye kioo. Mimi nilibandika jina la mto wa milimani, ndani nikatia samaki wa dukani. Jaji akainama, akavaa miwani, tena miwani niliyomkatia mimi mwenyewe kwa mikono yangu katika duka langu la miwani, akasema kwa sauti, "Bwana Iraj, hawa samaki wako walifikaje huko juu? Kwa basi?"

Watu walicheka, mmoja akamwaga chai. Nikacheka nao. Kufika nyumbani nikalia bafuni, mwanamume mzima wa miaka arobaini na mitano, na mke wangu Nastaran akajifanya hasikii.

Mwaka huu natengeneza chemchemi ya kwao Nastaran, kijijini Anjirak. Pale napajua. Ngoja waone.

Esfandi 11

Ijumaa. Tumekwenda Anjirak kuchukua mawe. Baba mkwe, Mash Khodakaram, alikuja nami hadi kwenye korongo kavu chini ya kijiji, akanitazama nikiokota, nikitupa, nikiokota tena.

"Mkwe," akasema, "Shiraz hakuna mawe?"

"Yapo, baba, lakini si haya."

"Haya yana nini?"

"Haya ni ya hapa."

Akafikiri. "Kweli," akasema, akabeba gunia la pili begani na miaka yake ile sabini na kitu. Nilimsihi aliache, hakuliacha. Akaniongezea na gunia la majani makavu ya mtini, akachagua yale yaliyokaa majini yakawa meusi, bila kuuliza ya nini.

Mzee huyu ndiye mtunzaji wa kaburi tukufu la walii wa Anjirak na chemchemi inayotoka miguuni pake. Ufunguo wa kaburi anao yeye, mfereji anausafisha yeye, na zamu za maji ya bustani anazigawa yeye, na sijawahi kusikia mtu akimlalamikia.

Esfandi 12

Nimechemsha majani ya mtini kabla ya kuyatia tangini. Nyumba nzima inanuka chai iliyochacha. Nastaran kafungua madirisha yote.

Esfandi 17

Mawe yamekaa. Nimeyavunja na kuyapanga upya kutwa nzima. Pampu nimeificha nyuma ya jiwe kubwa ili maji yatoke kwa chini yakisukuma, kama pale kwenye jicho la chemchemi. Nimepanda mnanaa pori ukingoni. Nikizima taa ya sebuleni na kubakiza ya tangi, ni Anjirak kabisa.

Ila hakuna samaki.

Samaki wa pale ni wadogo, wa rangi ya udongo, wana mdomo kwa chini kama kikombe kilichofunikwa. Tunawaita walamba-mawe. Madukani hawauzwi, nani anunue samaki asiye na rangi? Na Anjirak hawavuliwi. Ni samaki wa kaburi. Wanawake wenye nadhiri huwatupia makombo ya mkate, na watoto wakitia mkono majini huchapwa. Hata mwaka ule wa ukame, watu walipokula hadi kasa, hakuna aliyewagusa.

Nikitia samaki wengine, jaji atauliza habari za basi.

Esfandi 26

Nimerudi jana na samaki. Nitaandika ilivyokuwa hasa, kwa sababu kichwani naona naisimulia vingine kila mara.

Alhamisi jioni tulikaa na baba mkwe ukingoni mwa bwawa la chemchemi, tukitafuna mbegu za alizeti. Maji yalikuwa angavu, na walamba-mawe wamejipanga juu ya mawe, wote wametazama mkondo, wanalamba. Nikasema, "Baba, samaki wako hawa ni wazuri ajabu. Sijaona mfano wao."

Akasema, kama angesema mtu yeyote wa kwetu, "Ni wako, mkwe. Mbele yako hawana thamani."

Kwetu ukisifu kitu cha mtu, mwenyewe hukupa papo hapo kwa mdomo. Zulia, saa, hata koti alilovaa. Nawe unasema, "Abadan, kikae kwa mwenyewe, kinampendeza," na kitu kinabaki pale pale, na nyote wawili mnajisikia watu. Mtoto mdogo anajua hilo. Dereva wa teksi anakwambia nauli si kitu, na ole wako ushuke bila kulipa. Nami nilifungua mdomo niseme "abadan". Nikamkumbuka jaji.

Nikasema, "Mungu akuweke, baba. Basi kesho asubuhi nitachukua wachache."

Ganda la alizeti likamkalia mdomoni. Kisha akasema, "Karibu. Karibu."

Asubuhi nikaenda na wavu, nikitumaini atakaa ndani. Alikuja, akasimama nyuma yangu na tasbihi yake. Ndoo niliyoileta ilikuwa na ufa, maji yananitiririkia viatuni. Akaenda nyumbani polepole, akarudi na ndoo mpya ambayo mama mkwe hukamulia maziwa.

"Tumia hii, mkwe. Hiyo yako itawaua njiani."

Nikavua wakubwa kwa wadogo, dazeni na zaidi. Nilipoondoka akasoma dua ya safari, akanipulizia mimi, na nadhani akaipulizia na ndoo.

Samaki wote wamefika wazima. Nimewatia tangini jana hiyo hiyo, na kufika tu wakageukia mkondo, wakaanza kulamba. Nilipiga makofi peke yangu. Kisha nikaona uso wangu kwenye kioo, nikakaa chini.

Esfandi 26

Nastaran alikuwa amebaki kijijini, karudi leo na basi. Akasimama mbele ya tangi na mkoba bado begani.

"Ni wale?"

"Ni wale. Baba kanipa."

"Kakupa?"

"Alisema, ni wako."

"Iraj. Akikwambia nyumba yake ni yako, utaleta vitanda?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kuvua viatu.

Farvardini 1

Nowruz, mwaka mpya wetu. Meza imepangwa, ngano imechipua, na katikati samaki mwekundu katika bakuli lake kama kila mwaka. Nastaran kamnunua sokoni. Baada ya kubusiana tulikwenda Anjirak kuwaamkia wakubwa.

Baba mkwe alinibusu mashavu yote mawili. Akanikalisha juu, kwenye mto mkubwa, nafasi ya mgeni. Tukala wali wa mboga na samaki wa kukaanga wa kutoka kusini. Kisha akaniinamia, kwa sauti ya chini, kama anaulizia watoto wangu, nami sina watoto.

"Wazima wale?"

"Wazima, baba. Wanakula vizuri."

"Alhamdulillahi," akasema.

Mlolongo wote wa mwaka mpya, pilau, peremende, wageni, na mimi nasikia neno hilo moja tu. Natamani angenitukana.

Farvardini 6

Joto nyuzi kumi na saba. Samaki wazuri.

Farvardini 13

Siku ya kwenda nje, nusu ya Shiraz imetandika mikeka kando ya mto. Pale mtoni kila familia inamwaga samaki wake mwekundu wa Nowruz majini, eti wanamwachia huru. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama na bakuli letu mkononi nikawahutubia watu nisiowajua: samaki hawa si wa hapa, wana magonjwa, wanaua samaki wa mto, nyinyi mnadhani mnafanya thawabu kumbe mnaua! Baba mmoja mwenye mishikaki mkononi akaniambia, "Bwana, kaa ule. Jua kali hilo." Wenzake wakacheka.

Nikarudi na samaki wetu nyumbani, kichwa juu. Mahali pa kumtia sikuwa napo, bakuli limenuka. Nikamtia tangini kwa walamba-mawe, nikajiambia ni kwa siku mbili tu, hadi ninunue chombo kingine. Mimi niliyekuwa nahutubia.

Farvardini 19

Chombo bado sijanunua.

Farvardini 22

Samaki mwekundu ana madoa meupe mkiani, kama punje za chumvi. Nimemtoa. Nimechelewa. Walamba-mawe wawili wanajikuna kwenye mawe.

Farvardini 23

Wote wanajikuna.

Farvardini 27

Siku nne sijaandika, siwezi kuandika na mikono ya dawa. Nimepandisha joto, nimetia chumvi na dawa ya buluu, maji yote yamekuwa wino. Duka nimelifunga, mlangoni nimeandika nimesafiri. Asubuhi na jioni nachota waliokufa. Nimewazika kwenye sanduku la maua la baraza, ili jirani wa chini asione. Ni samaki tu, najua. Lakini kila nikimfukia mmoja namsikia mzee: wazima wale?

Nastaran kaja na kikombe cha chai, kakiweka kando yangu. "Umekula?" Sijala. "Baba alipiga simu," akasema. "Kauliza kama una mafua, eti sauti yako ilikuwa nzito mlipoongea mara ya mwisho. Nikamwambia una mafua."

"Na samaki? Kawaulizia?"

"Kawaulizia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wazima. Nimesema uongo kwa baba yangu kwa ajili yako, Iraj, mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Chai yako itapoa."

Ordibeheshti 2

Wamebaki nusu. Madoa yameisha. Maji nimeyasafisha, ni angavu tena. Wanalamba mawe. Ardeshir kaja kuona, akashika kichwa: "Ebo! Iraj, ndugu yangu, hili si tangi, hili ni dirisha!" Kaniuliza kama wamepona kabisa. Nikasema ndiyo. Kusema kweli ugonjwa ule haujui kuondoka kabisa, hujificha ukasubiri. Ardeshir anajua hivyo kama mimi.

Ordibeheshti 9

Nimeshinda.

Jaji aliinama, akakaa muda mrefu pale. Akasoma jina nililolibandika: Chemchemi ya Kaburi Tukufu, Anjirak, upande wa mtini. Akasema, "Hapa nimewahi kutia udhu." Akanigeukia.

"Walamba-mawe hawa umewapataje? Watu wa kule hawavui."

"Nilipewa," nikasema. "Na baba mkwe, mtunzaji."

Kila neno kweli, na jumla yake uongo. Sikujua kama jambo kama hilo linawezekana mpaka leo. Wakanipa ngao yenye samaki wa shaba. Ardeshir alipiga picha za video, jina la mahali limeonekana wazi, akazisambaza. Watu wanaandika hongera tangu mchana. Nimezima simu.

Ordibeheshti 10

Video imetazamwa sana. Wateja dukani wananipongeza. Ngao nimeiweka kabatini nyuma ya fremu za miwani za watoto.

Ordibeheshti 18

Mama mkwe, Bibi Golnesa, kapiga simu, hakuniamkia. Akamtaka mwanawe. Nilisikia upande mmoja tu. Nastaran akisema "lini?" kisha "nani kasema?" kisha "na baba kasema nini?"

Akakata simu akakaa. Video imefika Anjirak. Kijana mmoja anayefanya kazi Shiraz kaionyesha nyumba hadi nyumba. Watu wamekwenda bwawani wakaona samaki wamepungua. Wakasema Khodakaram kawauza samaki wa kaburi kwa watu wa mjini. Haji Mozaffar, mkuu wa baraza la kijiji, kamwita akamuuliza mbele ya wazee: mkwe wako kaiba? Yeye akajibu, mkwe wangu si mwizi, nimempa mimi. Wakamwambia, si wako hata ukampa mtu. Akasema, kweli, si wangu. Wakamnyang'anya ufunguo.

"Hakujitetea?" nikauliza.

"Angejitetea kwa lipi? Aseme nilisema tu kwa adabu, mkwe wangu kanikamata neno? Akuvue nguo mbele ya kijiji?" Nastaran alikuwa hatetemeki wala halii, na hilo ndilo lililonitisha. "Amekaa ndani na viatu vyake, hajui aende wapi. Asubuhi kaamka kwenda kufungua kaburi, akafika mlangoni, akakumbuka."

Nimeaibika hadi sijui nikae wapi katika nyumba yangu mwenyewe. Jikoni kuna Nastaran. Sebuleni kuna tangi.

Ordibeheshti 19

Leo nilikuwa niende Anjirak. Gari ilikuwa na mafuta. Sikwenda.

Ordibeheshti 20

Sikwenda. Kulikuwa na mteja mwenye haraka.

Ordibeheshti 21

Hakukuwa na mteja yeyote. Sikwenda.

Ordibeheshti 26

Nastaran kafunga sanduku. Nikasema nikupeleke. Akasema basi lipo. Mlangoni akageuka.

"Unajua kinachoniuma? Ungemwambia, baba, nawataka samaki wale sana, nimedhalilishwa, nisaidie, angekwambia hapana, halafu angekaa na wewe mkazungumza hadi usiku, na ungetoka na kitu kingine. Yeye yuko hivyo. Lakini hukuomba. Ulimtega."

"Sikumtega, nili—"

"Ulimtega, Iraj. Kwa adabu yake."

Miaka kumi na sita nimemwona baba mkwe kama mzee mwema, mpole, rahisi. Nilikuwa nasema kwa marafiki, yule mzee huwezi kumwudhi hata ukitaka. Leo naona hakuwa rahisi hata kidogo. Kuchukua ile ndoo ya maziwa na kuniletea, mimi nisingeweza. Na kusema "nimempa mimi" mbele ya wazee wale, nisingeweza kabisa.

Khordadi 2

Nimeota joto la maji. Upuuzi. Kesho Alhamisi, watu wote hukusanyika kaburini jioni. Nitakwenda na samaki. Nitawamwaga bwawani mbele ya kila mtu, waone wamerudi, yaishe. Nimeshaandaa maneno.

Khordadi 3

Nimerudi. Naandika yote.

Nilifika jua likiwa bado juu ya milima. Watu walikuwa wengi, wanawake na sahani za halua na tende kwa ajili ya marehemu wao, wanaume ukutani. Nikashuka na ndoo. Hakuna aliyenisalimu kwanza, mimi ndiye niliyesalimu, wakaitikia kwa midomo. Baba mkwe alikuwa amekaa mwisho wa ukuta, kama mgeni. Nastaran kando ya mama yake, akatazama ndoo, akaelewa nimekuja kufanya nini, na uso wake ukalegea kidogo. Huo uso ndio ulionifanya nitake kuwamwaga mara moja.

Haji Mozaffar akasema, "Umewaleta?"

"Nimewaleta, Haji."

"Haya, mwaga. Mwaga, tumalize mambo."

Nikapiga magoti ukingoni. Bwawani wenzao walikuwa wanalamba, wamenenepa, wasafi. Nikainamisha ndoo. Mwanga wa jua la jioni uliingia ndani ya maji ya ndoo kwa upande, na juu ya mkia wa mmoja wao nikaona doa. Moja tu. Jeupe, dogo, la ukubwa wa chembe ya chumvi. Mtu mwingine asingeliona. Mimi kazi yangu ni vitu vidogo, nililiona.

"Mwaga, basi!" mtu akasema nyuma.

Naapa nilifikiri kuwamwaga. Ingekuwa rahisi sana. Wangeshangilia, tungekunywa chai, na baada ya wiki mbili samaki wakianza kufa wangesema ni qadari, au ni laana ya aliyewagusa. Hakuna ambaye angejua.

Nikainua ndoo.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Wana ugonjwa. Niliwachanganya na samaki wa Nowruz nyumbani kwangu. Nusu wamekufa. Hawa nikiwatia humu watawaua wote waliobaki."

Bibi mmoja akapiga kifua. "Mtume! Kawachukua, halafu kawaharibu!"

"Kweli, bibi," nikasema. "Nimewaharibu."

Kelele zikapanda. Mmoja akasema mjini hawana haya, mwingine akamgeukia baba mkwe: umeona uliyempa? Ndipo maneno niliyoyaandaa yote yakanitoka kichwani, nikabaki na lile moja ambalo sikuwa nimeliandaa.

"Baba hakunipa," nikasema.

"Nilimpa," baba mkwe akasema kutoka mwisho wa ukuta.

"Hukunipa, baba. Niliwasifu, ukasema ni wako. Hapa nani asingesema hivyo? Nikimsifia Haji Mozaffar gari lake sasa hivi atasema nini?"

Haji Mozaffar akakohoa.

"Nilisema kwa moyo," baba mkwe akasema.

"Ulisema kwa adabu. Nami nilijua ni adabu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikachukua kwa sababu nilijua hutaweza kulirudisha neno lako. Hakuuza kitu huyu mzee, wala hakutoa kitu. Alikuwa anamkirimu mkwe wake, na mkwe wake alikuwa mimi."

Nilitazama juu nikaona watu wote wanatazama chini. Hakuna aliyenizomea, na ningependa wazomee. Kwetu mtu anaweza kusema nimeiba, nimelewa, nimepiga, akasamehewa. Lakini kusema niliisikia adabu ya mtu nikaigeuza mtego, hilo sijawahi kumsikia mtu akilisema, na naona nao hawajawahi. Walikuwa wananionea haya.

Haji Mozaffar akatoa ufunguo mfukoni. Akaenda hadi mwisho wa ukuta, akaunyosha kwa mikono miwili.

"Mash Khodakaram, tumekukosea."

"Abadan, Haji. Ukae kwako, uko mahali salama."

"Wallahi utachukua."

"Umri wangu umekwenda, wapeni vijana."

"Kwa roho ya baba yangu, chukua."

Mzee akauchukua, akaubusu, akauweka mfukoni mwake, na watu wakamsalia Mtume. Bibi Golnesa alikuwa analia kwenye pindo la kitambaa chake.

Tulikunywa chai nyumbani kwa baba mkwe. Mimi nilikunywa mlangoni, hakuna aliyenikataza. Nastaran akasema atabaki hadi mwisho wa mwezi, kisha ataona. Nikasema sawa. Wakati wa kuondoka, siku zote mlangoni huwa ni vita: kaeni, haiwezekani, basi chukueni mkate, chukueni walozi. Leo watu walibaki ndani. Baba mkwe peke yake ndiye aliyenifuata hadi kwenye gari.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Umenisafisha mbele ya watu. Mungu akulipe."

Sikuweza kumtazama.

"Lakini sasa mimi nitaongea na wewe vipi?" akasema, na aliuliza kweli, kama mtu aliyepoteza kitu. "Nikikwambia karibu, nitakuwa naogopa. Basi tufanye hivi. Ukitaka kitu kwangu, kiombe wazi. Nami nitakujibu wazi."

"Sawa, baba." Na kwa kuwa kulikuwa na kitu kimoja nilichokitaka kuliko vyote, nikakiomba pale pale. "Naomba nije Ijumaa ijayo, nikusaidie kusafisha mfereji."

Akanitazama usoni. Akaigeuza tasbihi mkononi. Niliona anajaribu, midomo yake ilishaanza lile "karibu" lake la siku zote.

"Hapana," akasema.

Akanifungia mlango wa gari kwa upole, akasoma dua, akapuliza upande wangu, akarudi ndani. Mimi nimeendesha hadi Shiraz ndoo iko kwenye kiti cha Nastaran, nimeifunga mkanda, nikienda polepole kwenye kila kona ili maji yasimwagike.